Korona, Glasgow na swali la barazani

Baada ya swala ya alasiri, kwenye baraza moja la Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, muuza kahawa alikuwa ameshamimina duru ya pili na gazeti la siku hiyo lilikuwa likipita mkono kwa mkono. Ukurasa uliokuwa wazi ulibeba habari ya kikao kingine cha fedha za tabianchi, zile ambazo nchi tajiri huombwa kuzisaidia nchi maskini, kilichomalizika kwa ahadi ya kukutana tena. Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini mpaka akastaafu, ambaye sote pale tunamwita Ami, alilikunja gazeti mara nne, akalikalia, jambo ambalo hulifanya akitaka mazungumzo yawe yake.

"Wewe ndiwe unayefuatilia mambo haya," aliniambia. "Hebu nieleze, mwanangu. Miaka na miaka tunaambiwa pesa hazipo, bajeti zimebana, mabunge yao hayatakubali. Mara korona ikaingia. Zile pesa zilitoka wapi?"

Nilianza kumweleza habari za benki kuu na hati za dhamana. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamgeukia muuza kahawa na kuagiza kikombe kingine. Wenziwe walicheka.

Swali lake limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Majibu niliyo nayo kuhusu kile ambacho janga lile liliyafanyia mazungumzo ya tabianchi ni ya vipande vipande, na kipande kimoja hakikubaliani na kingine.

Hewa iliyopungua kwa lazima

Nianze na lile linalosemwa mara nyingi ili tulipite. Mwanzoni mwa Aprili 2020, dunia ilipokuwa imejifungia, utoaji wa hewa ya ukaa kwa siku ulishuka kwa asilimia 17 hivi ukilinganishwa na wastani wa mwaka 2019. Kwa mwaka mzima wa 2020 upungufu ulikuwa kiasi cha asilimia 5. Mwaka uliofuata karibu yote iliyopungua ilirudi, na kiwango cha hewa hiyo angani hakikuacha kupanda hata mwaka ule wa kufungiwa, kwa sababu kupunguza kinachoingia hakuondoi kilichokwisha kujaa.

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, ilikuwa imesema mwishoni mwa 2019 kwamba ili joto la dunia lisizidi nyuzi 1.5, utoaji wa gesijoto ulipaswa kupungua kwa asilimia 7.6 kila mwaka hadi 2030. Yaani hata dunia iliyosimama haikufikia kiwango cha mwaka mmoja.

Waliokuwa Mombasa wakati ule wanajua upungufu huo ulilipiwa na nani. Aprili hiyo kaunti yetu, pamoja na Kilifi na Kwale, ilifungwa isiingiwe wala isitokwe. Treni ya Nairobi ilisimama. Hoteli za Nyali na Diani zilifunga milango na waliokuwa wakitandika vitanda humo walirudi makwao bila mshahara. Mei ikaja zamu ya Mji wa Kale wenyewe kuzungushiwa vizuizi. Sipendi kusikia mtu akikiita kipindi hicho mafanikio ya mazingira. Ule ulikuwa umaskini wa ghafla, na mpango wowote wa tabianchi unaofanana nao utakataliwa na watu, tena kwa haki.

Mwaka uliosogezwa mbele

Tarehe 1 Aprili 2020 ilitangazwa kwamba COP26, mkutano wa kila mwaka wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, uliopangwa kufanyika Glasgow, Uingereza, mwezi Novemba, umeahirishwa. Vikao vya Bonn, Ujerumani, vya katikati ya mwaka, ambako ndiko kazi halisi ya kuandika rasimu hufanyika, viliahirishwa pia. Hali hii ilikuja wakati mbaya, kwa kuwa mkutano uliotangulia, wa Madrid wa Desemba 2019, ulikuwa umevunjika huku kanuni za soko la hewa ya ukaa, ambako nchi huuziana upunguzaji wa hewa hiyo, zikiwa hazijakubaliwa, na 2020 ndio uliokuwa mwaka wa kila nchi kuleta ahadi mpya ya kupunguza gesijoto chini ya Mkataba wa Paris, makubaliano ya dunia ya 2015 kuhusu tabianchi.

Kwa muda mrefu nimelihesabu ahirisho hilo kuwa hasara tupu. Nikilitazama tena, sina hakika.

Fikiria Glasgow ya Novemba 2020. Marekani ilijitoa rasmi katika Mkataba wa Paris tarehe 4 mwezi huo, siku moja baada ya uchaguzi wake. Mkutano ungefanyika wakati nchi iliyotoa hewa ya ukaa nyingi kuliko nyingine yoyote katika historia ikiwa mlangoni ikitoka. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imesharudi, tangu Februari 2021. China nayo ilikuwa imetangaza, Septemba 2020, kwamba itafikia uwiano wa hewa ya ukaa, yaani isitoe zaidi ya inayoondolewa angani, kabla ya 2060, na Umoja wa Ulaya ulikuwa umepandisha lengo lake la kupunguza gesijoto kufikia 2030 hadi asilimia 55. Kenya iliwasilisha ahadi yake mpya katika siku za mwisho za Desemba 2020, ikitoka asilimia 30 kwenda 32. Hapa pwani, mwezi Novemba wa mwaka huo huo, benki kubwa ya China iliyotarajiwa kufadhili mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu iliripotiwa kujiondoa, baada ya mahakama ya mazingira kuifuta leseni ya mtambo huo mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo si kweli kwamba kila kitu kilisimama. Yale ambayo nchi inaweza kuyaamua peke yake yaliendelea, mengine hata kwa kasi. Kilichosimama ni yale yanayohitaji watu kukaa pamoja, na hayo ndiyo ambayo nchi kama yetu huyategemea zaidi, kwa sababu hatuna lengo letu wenyewe linaloweza kuitikisa dunia. Nguvu yetu ni kuwa ukumbini tukiwa wengi na tukisema neno moja.

Bonn kwenye simu

Kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni 2021, vikao vya Bonn vilifanyika kwa njia ya mtandao kwa muda wa wiki tatu. Ilikubaliwa tangu mapema kwamba hakuna uamuzi rasmi utakaopitishwa. Wenyeviti wangeandika tu muhtasari wa mawazo ili usaidie baadaye. Saa za vikao zilizungushwa ili mzigo wa kukesha usiangukie kanda moja. Kwetu Afrika Mashariki saa hazikuwa mbaya mno, ila mjumbe wa kisiwa cha Pasifiki alilazimika kuzungumzia mustakabali wa nchi yake usiku wa manane.

Nilifuatilia baadhi ya vikao vilivyokuwa wazi kwa watazamaji, nikiwa nyumbani Tudor, bando likiisha na kuongezwa. Ninachokikumbuka hasa ni jambo dogo. Mjumbe mmoja wa nchi maskini alipewa nafasi, akaanza kwa salamu na kuunga mkono kauli ya kundi lake, kisha sauti ikaanza kukatika, midomo ikienda na maneno yasifike. Mwenyekiti alingoja. Alisema kwa upole kwamba hasikiki vizuri, akamwomba aandike hoja yake na kuituma, kisha akamwita mzungumzaji aliyefuata.

Hakuna aliyekosa adabu hapo.

Lakini nimehudhuria mikutano ya kutosha, hata ya kata, kujua kwamba hoja iliyotumwa kwa maandishi baada ya watu kuendelea na mengine si hoja iliyosikika. Katika mkutano wa kawaida mjumbe yule angeinuka kitini, angemfuata mwenyekiti pembeni, angemshika mkono mwenzake wa nchi nyingine wakati wa chai na kumwambia aya ile haipiti. Kazi nyingi ya mazungumzo haya hufanyika koridoni, kwa watu waliojuana kwa miaka, na ujumbe wenye watu watatu huweza kuokoa aya nzima kwa sababu mmoja wao anamfahamu mwandishi wa rasimu. Mtandao uliiondoa koridoo na kuacha jukwaa peke yake, na jukwaani wanyonge hawajawahi kushinda.

Wapo wanaosema mtandao ulifungua milango, na wana hoja. Mimi mwenyewe nisingeliona jengo la Bonn kwa ndani kama si janga lile. Vijana wengi wa hapa walisikiliza kwa mara ya kwanza jinsi nukta na mkato vinavyogombaniwa. Hata hivyo kutazama na kuamua ni mambo mawili, na sisi tulipewa la kwanza.

Chanjo

Hapa ndipo fikira zangu zilipogeuka.

Kwa miaka mingi nilikuwa na hoja moja niliyoitegemea kila nilipobishana na waliokata tamaa. Nilisema mataifa tajiri yanasitasita kwa sababu madhara ya tabianchi yanawapiga wengine kwanza: ukame wa Tana River, mikoko inayokufa, mawimbi yanayoula ukingo chini ya Fort Jesus. Siku ambayo hatari itakuwa ya wote kwa wakati mmoja, nilisema, ushirikiano utapatikana, maana hakuna atakayekuwa na pa kukimbilia.

Korona ilikuwa hatari ya wote kwa wakati mmoja. Iliingia Milan na New York kwa kishindo kabla ya kuingia Mombasa.

Na dawa ilipopatikana, tulipangwa foleni. Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lilegeze haki za hataza ili chanjo na dawa zitengenezwe kwingineko; uamuzi ulipatikana Juni 2022, ukiwa umepunguzwa sana. Shehena ya kwanza ya Kenya, dozi zaidi kidogo ya milioni moja, ilitua Nairobi mapema Machi 2021, wakati nchi nyingine zilikuwa zimeagiza dozi kuzidi idadi ya watu wao mara kadhaa. Siku chache kabla ya Glasgow kufunguliwa, waliokuwa wamekamilisha chanjo barani Afrika walikuwa kiasi cha asilimia 6.

Chanjo hiyo hiyo ikawa tiketi ya mkutano. Kenya iliwekwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, ya nchi ambazo wasafiri wake walizuiwa au kuwekwa karantini, Aprili 2021 na kuondolewa Septemba, wiki chache tu kabla ya wajumbe kusafiri. Katika majira hayo ya joto orodha ile ilikuwa na nchi zaidi ya 60. Wenyeji waliahidi kuwachanja wajumbe wasioweza kupata chanjo kwao na kuwalipia hoteli za karantini, na sina sababu ya kuwalaumu kwa nia mbaya. Lakini hebu tuitazame picha yenyewe: mjumbe anaahidiwa sindano ili aje kukaa mkutanoni, ilhali mama yake nyumbani, aliye katika hatari kubwa kuliko yeye, anangoja zamu isiyojulikana. Septemba 2021 mtandao mkubwa wa asasi za tabianchi ulitaka mkutano uahirishwe tena kwa sababu hii. Nchi nyingi maskini hazikutaka uahirishwe, maana kwao mwaka mwingine bila mkutano ulikuwa mbaya zaidi. Zilichagua kwenda kwa masharti yaliyokuwapo.

Mkutano ukafanyika, kuanzia 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2021. Viongozi wengi wa visiwa vya Pasifiki walishindwa kusafiri, kwa kuwa mipaka yao ilikuwa bado imefungwa. Waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu, Simon Kofe, alituma hotuba ya video akiwa amesimama baharini, suruali imekunjwa, maji yakimfika magotini. Dunia iliisambaza picha ile kwa huruma nyingi. Wakati huo huo asasi moja ya uchunguzi ilihesabu watu 503 waliohudhuria wakiwa na uhusiano na tasnia ya makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hao hawakuwa na tatizo la kufika.

Mkenya mwenzetu Elizabeth Wathuti alifika. Aliwaambia wakuu wa nchi habari za njaa iliyokuwa ikiwakabili Wakenya zaidi ya milioni mbili kwa ukame, na aliwaomba wanyamaze kidogo kwa ajili ya watu ambao hawakuwapo mle ukumbini.

Mwishoni nchi zinazoendelea, zikiwa pamoja na China, zilidai mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzifidia nchi maskini kwa madhara ya tabianchi yaliyokwisha kuzipata. Zilipewa mazungumzo ya miaka mitatu. Siwezi kuthibitisha kwamba zingeupata mfuko huo kama ukumbi ungejaa kama kawaida. Najua tu kwamba mwaka mmoja baadaye, kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, vizuizi vya safari vilipokuwa vimeondoka na kundi zima likiwa limekaa kitako na kukataa kuondoka, uliidhinishwa.

Hoja yangu ya zamani haijasimama tena. Hofu inaweza kuwapata wote, na kila mmoja akajiokoa na wake.

Pesa za Ami

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe, kwa sababu lina jibu.

Kufikia mwanzoni mwa 2021, Shirika la Fedha Duniani lilikadiria kwamba serikali za dunia zilikuwa zimetoa msaada wa kibajeti wa karibu dola trilioni 14 kukabiliana na janga. Linganisha na ahadi ya Copenhagen ya 2009, kwamba kufikia 2020 nchi zinazoendelea zingepata dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya tabianchi. Mwaka 2020 ulipofika zilitolewa bilioni 83.3, nyingi zikiwa mikopo. Ahadi ilitimia mwaka 2022, miaka miwili baada ya muda wake.

Pesa za korona zilitoka mahali ambapo sisi hatuna: zilikopwa kwa sarafu za wakopaji wenyewe, kwa riba iliyokaribia sufuri, benki zao kuu zikinunua deni hilo. Serikali ya Marekani ilipotaka dola, ilikopa dola. Zambia ilipotaka dola ilikuwa na deni la dola tayari, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa. Kenya ilipoanza mwaka 2021 iliomba kusimamishiwa sehemu ya malipo ya madeni yake. Agosti 2021 Shirika la Fedha lilipogawa akiba mpya ya dola bilioni 650 kwa wanachama wote, mgao ulifuata ukubwa wa hisa, na Afrika nzima ikapata kama bilioni 33.

Hivyo kuna ukweli katika maelezo yangu ya barazani kuhusu benki kuu. Lakini Ami hakuniuliza habari za mitambo ya fedha. Aliuliza kwa nini mitambo hiyo iliwashwa kwa jambo moja na haiwashwi kwa lingine, na jibu la hilo ni kwamba waliokuwa wakifa walikuwa wapiga kura wao, wiki hiyo hiyo.

Haki inanitaka niongeze kwamba sisi wenyewe si tofauti sana. Kwa miaka, watu wa Likoni walilalamikia msongamano wa feri na kuambiwa mipango ipo. Ilipoonekana kwamba msongamano ule ungesambaza korona, daraja la kuelea la wapita kwa miguu lilijengwa Liwatoni na kuzinduliwa kabla ya 2020 kwisha. Nililivuka nikiwa na furaha kama kila mtu, upepo wa kivuko ukinipiga usoni, na njiani nilijiuliza ni kwa nini mitaro ya mji huu, ambayo hufurika kila masika na kuingiza maji machafu vyumbani mwa watu, haijawahi kuonekana kuwa dharura ya namna hiyo. Serikali yetu nayo huzipata pesa hofu inapokuwa karibu nayo.

Kilichoandikwa kabla

Kuna jambo lililonishangaza baadaye. Desemba 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilianza kutunga mkataba wa kukabiliana na majanga ya maradhi, na mkataba huo ulipitishwa Mei 2025. Kilichobishaniwa kwa miaka hiyo kingetambulika kwa yeyote aliyewahi kusoma rasimu za Bonn: nani ahamishe teknolojia, nani alipe, na nchi inayotoa sampuli za kirusi ipate nini pindi chanjo itakapotengenezwa. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kiasi kwamba mkataba ulipitishwa huku kiambatisho chake kikiachwa kijadiliwe baadaye. Janga, badala ya kuyafundisha mazungumzo ya tabianchi namna ya kwenda haraka, limejifunza kwayo namna ya kwenda polepole.

Hata hivyo kuna mfano unaonipa subira. Barbados, ilipopanga upya madeni yake kuanzia 2018, iliingiza katika hati zake kifungu kinachosema kwamba kimbunga kikubwa kikipiga, malipo yanasimama kwa muda uliokubaliwa. Waziri Mkuu wake, Mia Mottley, amekuwa akizihimiza nchi nyingine na wakopeshaji kukiiga. Kifungu hicho hakimwombi mtu huruma wakati watu wako juu ya mapaa. Kilisainiwa wakati wa utulivu, na mkopeshaji aliyekisaini hana cha kujadili siku ya kimbunga.

Mwaka 2027 mkutano wa tabianchi utafanyika Addis Ababa. Rasimu zake hazitaandikwa huko. Zitaandikwa Bonn, Juni hadi Juni, na wajumbe ambao majina yao hatuyajui. Ningependa kundi la wajumbe wa Afrika lifike na madai mawili yaliyoandikwa kabla ya dharura nyingine kuzuka. La kwanza ni kanuni ya nini kifanyike mkutano unapolazimika kuitishwa wakati baadhi ya wanachama hawawezi kusafiri: nani anaamua uendelee, na ni maamuzi gani yasipitishwe wakati wao hawapo. Kwa sasa nchi huhesabiwa kuwa imehudhuria hata kama kiti chake kina mtu mmoja aliyetoka karantini jana yake. La pili ni kifungu cha madeni cha namna ya Barbados, kikitaja ukame na mafuriko pamoja na vimbunga, maana Pwani yetu na Kaskazini huumizwa zaidi na hayo kuliko vimbunga, na kisitolewe kwa nchi moja moja zinazojua kubembeleza, bali kiwe cha kawaida katika kila mkopo mpya wa tabianchi.

Dai la kwanza halina gharama yoyote ya fedha. Ndilo ninalotarajia lipingwe zaidi.